Myuoni: kipimo kilibaki palepale, hesabu ndiyo iliyohama

Juni 3, 2025, maabara ya Fermilab iliyo nje ya jiji la Chicago ilitangaza matokeo ya mwisho ya jaribio lake la kupima usumaku wa chembe iitwayo myuoni. Habari ilizunguka haraka, na kwa namna ilivyofika kwenye simu yangu ilikuwa fupi: ile "nguvu mpya ya maumbile" iliyopigiwa tarumbeta mwaka 2021 haipo, nadharia ya zamani imeshinda, wanasayansi wamerudi mikono mitupu. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye sekondari aliirusha kwenye kundi letu la WhatsApp na maneno yake matatu: "Pesa zimeliwa bure."

Nadhani habari hiyo imesomwa kinyume. Kipimo cha Fermilab hakikukanusha kipimo chochote kilichokitangulia. Kimekuja kuvitia nguvu. Kilichobadilika ni namba ya upande wa pili, ile ya nadharia, na imebadilika kwa namna ambayo hata walioikokotoa hawajamaliza kuieleza. Kwa hiyo anayesema leo kwamba fizikia mpya imekufa amekosea sawasawa na aliyesema mwaka 2021 kwamba imezaliwa. Wote wawili wamelikodolea macho pengo lililo kati ya namba mbili, wakasahau kuuliza kila namba imetoka wapi.

Myuoni ni ndugu wa elektroni, ila mzito mara 207. Carl Anderson na Seth Neddermeyer waliigundua mwaka 1936 katika miali itokayo angani, na wala huhitaji kwenda mbali kuipata: kila dakika takriban moja hupita kwenye kila sentimita mraba ya ardhi, kwa hiyo kadhaa zimekwishapenya kiganja chako tangu uanze kusoma. Ikiwa imetulia huishi mikrosekunde 2.2 tu, kisha huvunjika. Ina chaji na inajizungusha, hivyo ni sumaku ndogo, na ukiitia kwenye uga wa sumaku mhimili wake huyumba kama pia ya mtoto inapoanza kuchoka. Kasi ya kuyumba huko hutegemea namba ambayo wanafizikia huiita g. Mwaka 1928 Paul Dirac alipata, kwa kalamu na karatasi, kwamba g ya chembe ya namna hii ni 2 kamili. Mwaka 1948 Julian Schwinger akaonyesha kwamba si kamili, kwa sababu ombwe halina utupu tunaoudhania: chembe hujitokeza humo na kutoweka papo hapo, na kila moja huigusa pia yetu kidogo. Mguso huo huacha ziada. Chukua g, toa 2, gawa kwa mbili, utapata takriban 0.00116.

Utamu wa jambo hili ni kwamba chembe zote zilizopo ulimwenguni, tunazozijua na tusizozijua, huchangia ziada hiyo. Ombwe halina ubaguzi. Ukiipima ziada kwa tarakimu nyingi vya kutosha, kisha ukaikokotoa kwa kutumia chembe zinazojulikana tu, tofauti yoyote itakayobaki ni alama ya mgeni ambaye hajajitambulisha. Na myuoni huhisi wageni wazito kuliko elektroni, kwa kiasi cha 207 mara 207, yaani karibu mara 43,000. Ndiyo maana watu wamehangaika nayo tangu majaribio ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ya mwisho wa miaka ya 1950, ingawa haiishi hata muda wa kukonyeza jicho.

Sasa tuziweke namba mezani. Ziada ya myuoni huanza na 0.0011659, na sehemu hiyo hakuna anayeigombania. Ugomvi wote uko kwenye mkia, yaani tarakimu nne zinazofuata. Maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, iliyokusanya data kati ya 1997 na 2001, ilipata mkia wa 2089, pamoja na kiasi cha shaka cha 63 juu au chini. Mwaka 2020 kundi la kimataifa la wananadharia lilipitia kila hesabu iliyopo na kutoa 1810, shaka 43. Aprili 7, 2021 Fermilab ikatoa matokeo yake ya kwanza, na yalipounganishwa na ya Brookhaven mkia ukawa 2061, shaka 41. Pengo: 251. Kwa lugha ya takwimu hiyo ni sigma 4.2, maana yake bahati tupu ingeleta pengo kubwa kiasi hicho takriban mara moja katika 40,000. Desturi ya fani hii hudai sigma 5 kabla ya mtu kutamka neno ugunduzi, lakini vichwa vya habari havikusubiri. Halafu njoo 2025. Fermilab, baada ya misimu sita ya kukusanya data kuanzia 2018 hadi 2023: 2071, shaka 15. Wananadharia, katika waraka mpya uliotoka siku chache kabla: 2033, shaka 62.

Zisome kwa mpangilio. Vipimo: 2089, 2061, 2071. Hesabu: 1810, kisha 2033. Nani amehama?

Inafaa tukae kidogo kwenye kipimo chenyewe, kwa kuwa ndicho kinachoitwa hasara. Moyo wake ni sumaku ya duara yenye kipenyo cha mita 14, ileile ya Brookhaven. Koili zake haziwezi kufumuliwa na kufungwa upya, kwa hiyo mwaka 2013 zilisafirishwa zikiwa nzima, takriban kilomita 5,000, kwa tishari kuzunguka Florida na kupanda mito hadi Illinois, kisha kwa lori, na muda wote huo zisipindike hata kidogo. Zilipofika, kazi ya kuusawazisha uga ilianza: maelfu ya vipande vyembamba vya chuma vikapangwa ndani ya sumaku kimoja kimoja mpaka uga ukawa karibu sawa kila mahali. Kila baada ya siku chache kitoroli chenye vipima-uga 17 kilizungushwa njia nzima zilimopita myuoni. Katikati ya safari hizo vipima 378 vilivyofungwa kando vililinda zamu. Chuma hutanuka kukiwa na joto na kusinyaa kukiwa na baridi, kwa hiyo sumaku nzima ilivishwa blanketi la kuzuia joto. Katika msimu wa kwanza iligundulika kwamba rezista (vifaa vidogo vya kuzuia mkondo wa umeme) mbili kati ya 32 katika mfumo unaozishikilia myuoni zilikuwa mbovu, na kwa sababu ya hizo mbili myuoni zilichelewa kutulia njiani. Athari ikakokotolewa, ikaandikwa, rezista zikabadilishwa. Hii ndiyo sura halisi ya kutafuta fizikia mpya, na si picha za nyota zinazong'aa tunazowekewa juu ya makala: ni watu wanaotafuta rezista mbili mbovu.

Myuoni zenyewe zilizunguka karibu na kasi ya mwanga, na kwa sababu hiyo muda wao ulirefuka kama Einstein alivyosema, kutoka mikrosekunde 2.2 hadi 64. Zikivunjika hutoa positroni, yaani pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, na zile zenye nguvu zaidi hupenda kuruka kuelekea upande ambao mhimili ulikuwa umeelekea. Vigunduzi 24 vilivyopangwa ndani ya duara vilizihesabu. Idadi ilipanda na kushuka kila baada ya mikrosekunde 4.4 hivi, kama bamvua na maji mafu, na mapigo hayo ndiyo yaliyosomwa. Usahihi uliopatikana mwishoni ni sehemu 127 kwa bilioni. Ni kama kupima barabara ya kilomita 1,000 ukakosea sentimita 13 tu.

Lakini kinachonifanya nikiamini kipimo hiki ni kitu kingine. Kidato cha nne tulifanya jaribio la pendulamu: uzi, kijiwe, saa ya kuhesabia sekunde. Wote tulijua jibu, yaani mchapuko wa mvuto wa dunia, ni 9.8 kabla hata ya kufunga uzi. Aliyepata 9.1 alirudi kwenye jedwali, akafuta, akasogeza nukta mbili tatu, grafu ikanyooka, mwalimu akaweka vema. Tuliita kupika data, na tuliifanya bila aibu kwa sababu ilileta maksi. Watu wa Fermilab ni binadamu kama sisi na walikuwa na 9.8 yao: ile 2089 ya Brookhaven. Ndiyo maana walijifunga macho. Saa iliyokuwa ikipima kila kitu iliharibiwa kidogo kwa makusudi. Watu wawili wasio wa kundi la jaribio waliichagulia mwendo wa siri, namba ikafungwa ndani ya bahasha, na wachambuzi wakafanya kazi yote bila kujua mkia wao halisi ni upi. Mwishoni mwa Februari 2021, uchambuzi ulipokamilika na kukubaliwa, bahasha zikafunguliwa. Namba iliyotoka ndiyo ikachapishwa. Hapakuwa tena na nafasi ya kurudi kwenye jedwali.

Tuhamie upande wa hesabu, maana ndiko kisa kilipo. Sehemu kubwa kabisa ya ziada hutokana na nguvu ya umeme na sumaku, nayo imekokotolewa kwa bidii ya kutisha: hatua ya mwisho iliyofikiwa, kazi ambayo Toichiro Kinoshita na wenzake waliifanya kwa miaka mingi, ina michoro 12,672 ya kupigia hesabu. Hapo hakuna ugomvi. Tatizo ni sehemu ndogo, kama 60 kwa kila milioni, inayotoka kwa kwaki, chembe zinazounda protoni. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, inayoizunguka myuoni huweza kujigeuza kwaki kwa kitambo kisha ikarudi, na nguvu inayozifunga kwaki ni kali kiasi kwamba kalamu haifui dafu. Ziko njia mbili za kulizunguka tatizo hilo. Ya kwanza ni ya kuazima: kwenye vichapuzi, yaani mashine za kukimbiza chembe, vya Novosibirsk (Urusi), Frascati (Italia), Stanford (Marekani) na Beijing, elektroni na positroni zimegonganishwa kwa miongo mingi, na kutokana na idadi ya chembe za kwaki zinazochomoka unaweza kupata jibu bila kuikokotoa nguvu yenyewe. Ya pili ni ya kukokotoa moja kwa moja kwa kompyuta kuu, kwa kuufanya mahali na wakati kuwa wavu wa nukta. Mvuvi ataelewa: macho ya wavu yakiwa makubwa, dagaa wanapita. Kwa hiyo unakokotoa kwa macho makubwa, kisha madogo, kisha madogo zaidi, na kukadiria jibu lingekuwa nini wavu ukigeuka shuka. Kila hatua huteketeza miezi ya kompyuta.

Ile 1810 ya mwaka 2020 ilitokana na njia ya kuazima. Ile 2033 ya 2025 imetokana na njia ya wavu. Hakuna aliyesahihisha jumlisho. Chanzo kimoja kimewekwa kando na kingine kimeshika nafasi yake, na mchango wa kwaki umepanda karibu asilimia 3, unaotosha kulifunika pengo karibu lote.

Hapa ndipo lawama ya kwanza inapoingia: kwamba wananadharia wamehamisha goli baada ya mpira kupigwa. Ni lawama yenye uzito, ila tarehe zinaikataa. Kundi la Budapest, Marseille na Wuppertal liliweka hadharani hesabu yake ya wavu Februari 2020, karibu mwaka mzima kabla bahasha za Fermilab hazijafunguliwa; ikachapishwa rasmi siku ileile ya Aprili 7, 2021, lakini siku hiyo ilimezwa na kelele za "nguvu mpya". Baadaye makundi mengine, mengine yakiwa yamejifunga macho vilevile, yalikokotoa sehemu muhimu ya hesabu hiyo na kukubaliana nalo. Goli halikuhamishwa usiku. Hata hivyo lawama hii ina punje ya kweli ambayo waraka wa 2025 wenyewe hauifichi: kiasi cha shaka kimepanda kutoka 43 hadi 62. Ni nadra kuona fani ikitangaza kwamba inajua kidogo kuliko ilivyodhani miaka mitano iliyopita, na mimi huiamini zaidi kwa hilo.

Mbona njia ya kuazima iliwekwa kando? Kwa sababu mashahidi wake hawapatani. Frascati na Stanford walikuwa tayari wanatofautiana kwa asilimia kadhaa, na watu walizoea kuchukua wastani na kupanua shaka kidogo. Kisha Februari 2023 jaribio la CMD-3 la Novosibirsk likatoa namba iliyo juu kuliko wote, pamoja na ile ya mtangulizi wake katika maabara hiyohiyo. Ukiitumia hiyo peke yake, njia ya kuazima inakubaliana na kipimo cha Fermilab. Ukitumia za zamani, pengo linarudi karibu lote. Huwezi kuchukua wastani wa mashahidi wanaosema vitu vinavyopingana, unaahirisha kesi. Wenye matumaini ya fizikia mpya wanasema basi huenda mgeni amejificha humohumo, katika migongano ya elektroni na positroni. Sina haraka ya kuwafuata: mgeni huyo angelazimika kuonekana Frascati na kujificha Novosibirsk, na hiyo ni tabia ya kosa la kipimo kuliko ya chembe. Lakini kosa la nani, na la aina gani, halijapatikana. Kusema "limeisha" wakati kesi imeahirishwa ni uzushi.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya wanaosema vipimo vya usahihi ni njia isiyofika. Kichapuzi kikubwa kikigundua chembe, unaiona: kuna mwinuko kwenye grafu, una uzito wake, una jina. Pengo kwenye tarakimu ya tisa halikuambii nini kipo nyuma yake. Ni kweli, na historia ya karibuni iko upande wao. Mwaka 2010 protoni ilipopimwa kwa kutumia myuoni, nusu kipenyo chake kilitoka femtometa (kipimo kidogo mno cha urefu) 0.84 badala ya 0.88 iliyozoeleka, kwa miaka kadhaa watu waliandika juu ya nguvu mpya, mpaka vipimo vipya vya elektroni vikaanza vyenyewe kuja kwenye 0.84. Mwaka 2022 kundi la CDF la Fermilab lilitoa uzito wa chembe ya W, mojawapo ya zile zinazobeba nguvu dhaifu ya nyuklia, ulio juu mno kuliko nadharia; mwaka 2024 kundi la CMS la CERN likaupima, ukakaa pale nadharia ilipotaka. Nakubali: mapengo mengi hufungwa na jambo la kawaida. Ila jambo la kawaida nalo ni maarifa. Fumbo la protoni lilipoisha, tulibaki na ukubwa wa protoni uliorekebishwa, pamoja na thamani mpya ya namba ya Rydberg, inayotumika kukokotoa mwanga utokao kwenye atomu, mojawapo ya namba zilizopimwa kwa usahihi mkubwa kabisa katika fizikia nzima.

Na hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ya rafiki yangu, kwamba pesa zimeliwa bure kwa sababu jibu limekubaliana na nadharia. Ingekuwa hivyo, thamani ya mizani ingetegemea bei ya mchele siku hiyo. Katika miaka ya 1890 Lord Rayleigh alikuwa akipima uzito wa naitrojeni, kazi ya kuchosha isiyo na ahadi yoyote. Akaijaza chupa yake naitrojeni ya hewani, ikapata takriban gramu 2.31. Akaijaza naitrojeni iliyotengenezwa kwa kemikali, ikapata takriban 2.30. Tofauti ya nusu asilimia. Mwingine angeipika. Yeye alitangaza kwamba hajui sababu na kuwaomba wanakemia msaada, na kwa kushirikiana na William Ramsay wakaikuta aragoni, gesi iliyokuwa ndani ya kila pumzi ya binadamu bila yeyote kuijua. Lakini chukulia kwamba chupa mbili zingelingana. Kipimo chake kingekuwa kizuri vilevile, na tungejua kwa uhakika kwamba katika naitrojeni ya hewani hakuna mgeni wa ukubwa huo. Fermilab imetuambia jambo la aina hiyo. Nadharia zilizotungwa mahsusi kuziba pengo la 251, pamoja na chembe zake zote zilizoshonwa kwa kipimo cha pengo hilo, sasa zina mahali padogo sana pa kujificha.

Athari ya haya inagusa hata madarasa yetu. Mtihani wa vitendo unaotoa maksi kwa ukaribu wa jibu na 9.8 unafundisha ujuzi mmoja tu, ule tulioufanya sisi. Sijui kwa nini mwanafunzi aliyepata 9.1, akaeleza kwamba uzi wake ulikuwa ukiteleza kwenye fundo na akakadiria kosa linaloletwa na hilo, asipate alama zaidi ya aliyeandika 9.81 na kunyamaza. Wahariri nao wana lao: siku ikija habari ya pengo lingine, na itakuja, aya ya pili iseme hesabu ya nadharia imetokana na data gani na nani hakubaliani nayo. Mwaka 2021 taarifa hiyo ilikuwepo, imechapishwa siku hiyohiyo.

Kwa sasa mzigo umehamia kwa wananadharia: shaka yao ni karibu mara nne ya ile ya Fermilab, na mpaka ishuke kipimo kitakuwa kikali kuliko kitu kinachopimwa nacho. Makundi ya wavu yanaendelea kupunguza macho. Frascati na Stanford wanapitiwa upya. CERN kuna mradi wa MUonE unaotaka kupata mchango wa kwaki kwa njia ya tatu, kwa kurushia myuoni dhidi ya elektroni zilizotulia. Na Japani, kwenye maabara ya J-PARC, wanaandaa kuipima ziada ileile kwa myuoni zilizopoozwa na sumaku ndogo yenye njia ya duara ya kipenyo cha chini ya mita moja, bila kuazima kifaa hata kimoja kutoka Brookhaven.

Nilimtumia rafiki yangu ile mikia mitano, bila maelezo. Alikaa kimya nusu siku, kisha akaandika: "Sasa nani kakosea?" Nikamjibu: Novosibirsk, au wale waliomtangulia, na kuna watu wanalifukua hilo leo, rezista moja moja.